Tufungue Masanduku Kabla ya Desemba



Kabla kifodi cha kwanza cha abiria hakijashuka kwenda Moshi, nyumba nyingi za huku kwetu Kirua Vunjo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, zimekwisha kugombana. Chanzo ni soksi. Au ni shati la shule lililoonekana jana jioni kwenye kamba, na sasa halijulikani liliko. Bibi anapekua kwa tochi ya simu, mjukuu ananung'unika, uji unaungua jikoni. Mtoto anaondoka mbio bila kunywa kitu, na bibi anabaki ameketi ukingoni mwa kitanda, amechoka, na jua bado halijatoka.

Kwako mambo yakoje? Kama asubuhi zenu ni shwari, mshukuruni Mungu na mwendelee hivyo hivyo. Kama si shwari, sogea karibu tuzungumze. Leo nina ombi kuhusu nguo, na sizungumzii mitindo. Nazungumzia mahali nguo zinapolala.

Atakuwapo wa kuniuliza: bei ya kahawa inapanda na kushuka, migomba ina mnyauko, na wewe unatuletea habari za kabati? Ndiyo, ndugu yangu. Kahawa ina ushirika wake, KNCU, tangu 1933. Maji yana kamati yake. Asubuhi ya nyumba yako haina kamati. Inawategemea ninyi mnaoishi humo.

Tuanze na sanduku la bibi. Mnalijua: la bati, lina kufuli, liko chini ya kitanda au limewekwa juu ya stuli na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Ndani mna vitenge ambavyo mkasi haujavigusa, doti za khanga ambazo hazijakatwa, shuka la wageni, na sweta aliloletewa na mwanawe wa Dar es Salaam Krismasi ya mwaka fulani, bado limo ndani ya mfuko wake wa nailoni. Mwenyewe kavaa gauni lililopauka hadi maua yake hayatambuliki. Ukimwuliza mbona havai yale mazuri, anakujibu kwa neno moja: anayatunza.

Vijana wengi hucheka wakisikia hivyo. Nawaomba tusicheke. Mnajua bibi huyo amepita wapi?

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, nchi ilibaki bila fedha za kigeni. Sabuni, sukari na nguo viliadimika. Viwanda vyetu, hata kile cha nguo cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, havikuweza kutosheleza. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya ushirika, na khanga ikifika ilikuwa ya kugawana. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na marobota ya vitambaa nyumbani alikuwa na mengi ya kueleza. Milango ya biashara ilianza kulegezwa 1984, na ndipo nguo zikaanza kurudi kidogo kidogo, mitumba ikiwa mstari wa mbele.

Mama aliyelea watoto katika miaka ile alijifunza jambo moja kwa vitendo: ukipata nguo, ficha, kwa maana hujui utapata nyingine lini. Sanduku lile la bati lilikuwa jibu sahihi la wakati ule. Liliwavusha.

Lakini leo shida imegeuka sura. Nenda soko la Memorial pale Moshi siku wanapofungua belo la mitumba. Shati unalipata kwa bei ya soda, na ukiwa na elfu kumi unarudi nyumbani na mfuko mzima. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ikomeshwe ifikapo 2019, Marekani ikalalamika na kutishia nafasi yetu ya kuuza kwake bila ushuru chini ya AGOA, na mwishowe ni Rwanda pekee iliyosimama na ushuru wake mkubwa. Sina ugomvi na muuza mitumba wala na mnunuzi. Wengi tumesomeshwa na biashara hiyo. Ninachosema ni kwamba nguo zinaendelea kuingia majumbani mwetu kila wiki, nasi tunazitunza kwa desturi ya miaka ambayo hazikuwapo. Zinaingia, hazitoki. Chumba ni kilekile.

Mkulima wa kihamba, shamba letu la nyumbani la migomba na kahawa, anajua cha kufanya penye wingi. Shina la mgomba tunaliachia mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi yanayozidi tunayatoa, tena bila uchungu, maana tunajua yakibaki yote hakuna mkungu utakaonenepa.

Sasa, tutoe zipi? Hapa wengine watakutajia kitabu cha Marie Kondo wa Japani, kilichotoka kwao 2011 na kusomwa duniani kote, kinachofundisha kubakiza vile tu vinavyokupa furaha. Ni ushauri mzuri, ila sidhani kama ulipimwa kwenye masika ya Kirua. Koti langu la mvua halijawahi kunipa furaha hata siku moja, na bado silitoi.

Sisi tunacho kipimo chetu, na kila nyumba inakijua bila kufundishwa. Kuna nguo ya kutokea. Ikizeeka kidogo inakuwa ya nyumbani. Ikichanika inakwenda shambani kwenye kahawa na majani ya ng'ombe. Ikishindwa huko inakuwa dekio. Safari hiyo ni nzuri na haina hasara. Vurugu inaanza pale nguo inapokwama njiani: gauni la kutokea ambalo halitoki tena, lakini mwenyewe hajakubali liwe la nyumbani, suruali ya shamba iliyotupwa juu ya shati la Jumapili, fulana tatu za kudekia zilizochanganyika na za kuvaa. Asubuhi mkono unazama humo unatafuta moja na kutoa saba.

Basi ombi langu la kwanza ni hili: kila aina ya nguo ipate kambi yake. Za kutokea zitundikwe. Za nyumbani zikunjwe. Za shamba zisiingie kabisa chumba cha kulala, zipate msumari wake nje karibu na jembe, au kwenye ukuta wa jiko. Sijasema ununue kabati. Wengi wetu hatuna kabati, tuna kamba iliyofungwa kutoka ukuta hadi ukuta, tuna mabegi na maboksi. Kamba inatosha. Boksi la mafuta ya kula likipanguswa vizuri linamtosha mtoto mmoja, na akiandikiwa jina lake juu atalilinda kuliko unavyodhani. Na kama mfuko unaruhusu, kuna fundi seremala jirani yako atakayekupigia rafu mbili na fimbo ya kutundikia. Kazi hiyo ni ndogo kwake, na kwako italeta utulivu wa miaka.

Siku ya kufanya kazi hiyo iwe ya jua. Tandika mkeka au turubai uwanjani, mtoe zote nje, zipigwe jua na upepo huku mkichagua. Kila mtu achague zake. Baba asimchagulie mama, na mama asitupe kofia ya baba hata kama imemchosha macho. Mtoto wa miaka sita naye aulizwe. Atawashangaza kwa kujua ni ipi inambana na ipi inamkwaruza shingoni.

Kwa wazee twende taratibu zaidi. Usifungue sanduku la bibi bila yeye kukaa kwenye kiti chake hapo hapo. Kila kitambaa kina aliyekileta na siku kilipoletwa, na yeye atataka kusimulia. Msikilizeni. Nimeona nyumba ambamo kazi ya saa moja imechukua mchana mzima kwa sababu ya kitenge kimoja cha harusi, na hakuna aliyejutia mchana huo. Mkimaliza, mwombeni jambo moja tu: achague kitambaa kimoja kipelekwe kwa fundi cherehani wiki hiyo hiyo, akivae. Kimoja. Mwaka kesho kingine. Vinavyobaki vinarudi sandukuni, na kufuli ni lake.

Niseme kidogo kuhusu sare, maana sare zinatumaliza. Harusi ina sare, sendofu ina sare, kipaimara nacho siku hizi kina sare. Mama mmoja mwenye ndugu wengi anaweza kumaliza mwaka na magauni manne ya vitenge vya shughuli, kila moja limevaliwa mara moja, maana atalivaaje tena ilhali ukoo mzima unalijua? Sisemi tuache. Sare inapendeza, na picha zake tunazipenda. Lakini ninyi mnaokaa kwenye kamati za harusi, mnaonaje mkichagua kitambaa ambacho mtu anaweza kukivaa kanisani na sokoni baadaye? Au khanga ya kujifunga, badala ya mshono wa siku moja? Akina mama Wakatoliki wa WAWATA wametuonyesha njia: vazi lao wanalivaa mwaka hadi mwaka, na hakuna anayewahesabia.

Kuna jambo lingine ambalo nyumba zilizotulia zimelifanya zamani, nami nawasihi wengine waige. Ni furushi la msiba. Habari ya msiba huku kwetu haisubiri ufue. Inakuja usiku, au inakukuta unatoka shamba, na unatakiwa kwenda kukaa na wafiwa saa ile ile. Weka pamoja doti moja ya khanga, kilemba, sweta, na viatu vinavyostahimili tope. Baba naye awe na suruali na koti vilivyopigwa pasi, vimetundikwa mwisho wa kamba, visiguswe kwa shughuli nyingine. Ukipigiwa simu unabeba na kuondoka. Moyo ukiwa mzito, mikono haipaswi kuwa inatafuta kitambaa cha kichwa.

Halafu kuna unyevu. Huu ni wetu sote tunaoishi mlimani, na hatuwezi kuupuuza.

Kati ya Machi na Mei nguo hukaa kwenye kamba siku mbili au tatu bila kukauka sawasawa. Juni na Julai mvua inapungua lakini mawingu yanatulia juu yetu, baridi inaingia, na jua linaonekana kwa zamu. Nguo ikikunjwa ina unyevu kidogo tu inapata uvundo, na kuvu haichelewi kuweka madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni. Kwa hiyo, mama, usikunje kwa haraka. Gusa kwanza mishono ya kwapani na mkanda wa kiuno, maana huko ndiko unyevu hujificha. Kama huna umeme na unatumia pasi ya mkaa kumalizia, fungua dirisha na mlango, kwa sababu mkaa hutoa gesi isiyo na harufu inayoweza kuua mtu chumbani.

Kabati au boksi lisibanwe ukutani. Acha nafasi ya kiganja hewa ipite, hasa kama ni ukuta wa upande wa mlimani, ambao kwa nyumba nyingi ndio unaopokea maji ya ardhini. Sanduku liinuliwe kwa matofali mawili. Siku jua linapotoka, acha milango ya kabati wazi mpaka saa sita. Ni mambo madogo, hayana gharama.

Na nondo? Wale wanaotoboa sweta si wale wanaoruka. Ni viwavi wao, na wanapenda sufu yenye jasho na mabaki ya chakula. Sweta likifuliwa na kukaushwa vizuri kabla ya kuhifadhiwa, umewanyima karamu. Wengi tunatumia vidonge vyeupe vya naftalini. Vinafanya kazi, lakini nawaomba sana visikae na nguo na mablanketi ya watoto wachanga. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu fulani kwenye damu, na naftalini inaweza kuwavunjia chembe nyekundu za damu na kuwaletea manjano kali. Kwa mtoto, jua na kukung'uta vinatosha.

Ninyi mnaoishi Kirua na kufanya kazi Moshi mjini mna adha yenu. Kila mita 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kwa nyuzi zipatazo sita, na mji ule uko chini ya mita 1,000. Unatoka nyumbani unatetemeka, saa nne unatokwa jasho ofisini. Kule kazini kuna masweta mangapi yaliyosahaulika kwenye viti? Weka vazi jepesi ndani, koti juu, na mfuko wa kulirudishia. Viandae jioni, kabla ya taarifa ya habari. Mwendesha bodaboda naye atundike kofia ngumu, koti na kiakisi mwanga kwenye msumari mmoja; akitafuta kofia asubuhi huishia kuondoka bila kofia, na hilo hatulitaki.

Fundi cherehani, nawe nakuomba. Nguo nyingi zimekaa bure majumbani kwa kukosa kifungo au zipu. Ukitenga siku moja ya wiki kwa viraka na vifungo tu, kwa bei ya jirani, utaona foleni. Muuza mitumba, mteja akikuuliza kama kweli anaihitaji, mjibu kwa uaminifu. Atarudi.

Sasa nageukia ninyi mlioko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo. Desemba mnapanda kuja nyumbani, na tunawasubiri. Mnakuja na mabegi ya nguo kwa wazazi, na kila nguo ndani yake ni upendo. Hakuna asiyelijua hilo. Ila kabla ya kununua, mpigie mama simu. Mwulize anahitaji nini hasa. Huenda atakwambia hana shida na gauni, ana shida na blanketi zito la Julai. Huenda baba anataka mabuti. Huenda wote wawili wangefurahia zaidi ukitumia siku yako moja ya likizo kuwapigia rafu na kupanga nao, badala ya kuleta begi jingine la kusukuma chini ya kitanda. Na zile nguo zako za sekondari ulizoziacha chumba cha uani, je, mwaka huu utaziamua?

La mwisho linawahusu watoto. Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita, lakini sare ni juu ya mzazi, na kila Januari tunaliona hilo kwenye mfuko. Wakati huo huo, ukifungua maboksi ya nyumba zetu, kuna mashati meupe, kaptula na sketi za bluu, na masweta ya shule ambayo hayawatoshi watoto tena. Yamebaki humo kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Tuulize, basi. Shule zikifungwa, kila jumuiya ya kanisani ichague Jumamosi moja kabla ya Krismasi. Mtu alete sare safi, zilizokwisha kutiwa vifungo, na achukue inayomtosha wa kwake. Asiyekuwa na cha kuleta aje tu, achukue. Na asiyekuwa na mtoto wa shule alete bila kuchukua. Walimu watusaidie kutaja ukubwa unaohitajika zaidi, maana wao ndio wanaowaona watoto mistarini kila asubuhi. Wa Kirua Vunjo Kusini kule tambarare, ambako joto ni kali, huenda wana masweta wasiyoyavaa sana. Wa huku juu tunayataka.

Ukumbi wa kanisa upo, mabenchi yapo. Wanahitajika watu wawili wa kupokea na mmoja wa kupanga kwa ukubwa. Kwenye jumuiya yako, ni nani atakayesema Jumapili hii kwamba yuko tayari?